Tindikali Ilikokwenda

Hadi leo sijui Siwatu aliingiaje, maana ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Kanuni mpya zilitutaka wenye viwanda vya betri tutaje kila kitu cha hatari kilichomo ghalani. Nikamwita Siwatu, mtunza ghala wangu.

"Andika kwenye fomu kwamba ghalani hamna tindikali. La sivyo, huna kazi."

"Nisaini uongo, bosi, nifungwe?"

"Tindikali yenyewe kama maji tu!"

"Basi nipe hadi saa sita."

Mkaguzi alipofika, alikuta ghala tupu. Nilivimba kichwa, nikamkaribisha chai, nikatoa ufunguo, nikafungua ofisi yangu. Madumu sita ya tindikali yalikizunguka kiti changu.

"Ghalani hamna, bosi," alisema Siwatu. "Karibu ukae, ni kama maji tu."

Mkaguzi aliamua fomu iandikwe upya palepale. Niliiandika mwenyewe, nimesimama.