Anayefuata Baada ya Gugu

Siku ya arobaini ya mwanamke mmoja ilifika, akina mama, na huko kwao siku hiyo mtoto hatolewi nje tu, anapelekwa mtoni kujulishwa. Yaani mama anashuka naye hadi pale mto unapotulia, anagusa mmea mmoja mmoja wa ukingoni na kuutaja jina mtoto asikie: huyu ni mnavu, tunampika, huyu ni mnanaa, tunamnusa, huyu ni mkindu, anatupa mikeka. Ni majirani hao. Mtoto asiyejulishwa, wanasema, atakua kama mgeni pale pale alipozaliwa. Na yule mama mtoto wake wa kwanza alimzika, kwa hiyo huyu wa pili alitaka afanyiwe kila kitu, asikose hata jani moja.

Wakashuka. Mama mkwe mbele, yeye katikati na mtoto mgongoni, wifi yake nyuma. Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda, na bado mahali pale palikuwa kimya. Mnaujua mto ulio hai? Una kelele, vyura, kereng'ende, ndege wanagombania matete. Pale hapakuwa na kitu. Maji yenyewe hayakuonekana. Juu yake kulikuwa na kijani, kijani kinachong'aa, majani manene kama masikio, na maua ya zambarau, kutoka ukingo huu hadi ule, gugu moja tu limetanda, wala hakuna jani lililotobolewa na mdudu. Nawauliza, jani ambalo hata mdudu hathubutu kulionja, ni zuri hilo?

Wifi akacheka. "Wifi, tazama lilivyonona! Limekushinda wewe na supu zote tulizokupikia!"

"Hebu nyamaza," mkwe akasema. "Haya mwanangu, anza."

Mama akamfungua mtoto mgongoni, akampakata, akapiga magoti. "Huyu ni mnavu," akasema, na mkono ukaenda pale anapokaa mnavu, ukazama kwenye tope, tope jeusi lenye harufu ya yai viza.

"Ruka," mkwe akasema kwa upole.

"Huyu ni mnanaa."

"Ruka, mwanangu."

"Mafunjo."

"Ruka."

"Mama, mkindu je? Mkindu ulikuwa hapa! Si mimi mwenyewe nilikata ukindu wake mwaka nilioolewa?"

"Umekufa. Na kilichokufa hakitajwi mbele ya mtoto mchanga, atashtuka. Ruka, twende mbele."

Mnaona ubaya ulipojificha? Umejificha ndani ya huruma. Hakuna aliyesema uongo pale, hakuna aliyemchukia mtoto, walimhurumia tu, na kwa kumhurumia wakamficha kwamba kuna msiba.

Yule mama akauliza, sauti imeshuka, "Na wewe mama, ulipomleta mume wangu hapa akiwa mchanga, uliambiwa uruke?"

"Niliambiwa."

"Mimea mingapi?"

Mkwe akajibu, "Sikuuliza. Mama mkwe wangu aliniziba mdomo kwa kiganja, nikaruka. Labda mitano. Labda kumi. Majina yake siyajui, mwanangu, ningeyajuaje?"

Wote watatu wakatazama tope. Na mtoto naye akageuza kichwa, taratibu, akatazama ile sehemu tupu bila kupepesa macho, kama mtoto anavyomtazama mtu aliyesimama mlangoni.

Likabaki gugu. Mama akaligusa, lilikuwa baridi na linateleza. "Huyu ni gugu," akasema. Sasa, kwa desturi yao, mimea ikiisha, jina linalofuata papo hapo ni la mtoto, ili naye ahesabiwe kati ya majirani wa mto. Akafungua mdomo amtaje. Ndipo akauona ule mstari wote. Mnavu, mnanaa, mafunjo, mkindu, na wale wa kabla yao ambao hakuna aliye hai anayejua waliitwaje, wote walikuwa kwenye mstari huu huu, na wote wameondoka mmoja baada ya mwingine. Sasa gugu. Kisha mwanawe.

Akafumba mdomo.

"Mtaje," wifi akasema, na safari hii hacheki. "Mtaje wifi, twende, hapa pananitisha."

"Simtaji."

"Mtoto atabaki mgeni!"

"Abaki. Afadhali mgeni kuliko anayefuata."

Akainuka na mtoto wake kifuani, akaanza kupanda kuelekea mto unakotoka, akikimbia, kanga inamvuka begani. Alitaka kumwona huyo anayeua. Alidhani atamkuta nani? Atakuta kiwanda, atakuta watu wa mbali wasio na huruma, au mchawi, kama mimi na wewe tunavyodhani kila siku. Kona ya kwanza hakuna mtu. Kona ya pili likaanza povu, na harufu ya dawa ya kuulia wadudu ikamkaba kooni, akamfunika mtoto uso. Kona ya tatu, chini ya shamba la nyanya lililolimwa hadi maji yanapoanza, mtu ameinama anasuuza bomba lake la kupulizia dawa, maji meupe kama maziwa yanatiririka kati ya miguu yake, na pembeni mfuko wa mbolea umepasuka, unamwagikia mtoni. Na hapo hapo kuna jiwe la kufulia, bado lina povu, na juu ya kichaka zimeanikwa nepi.

Nepi akazijua. Alizifua yeye, asubuhi ile ile.

Mtu akainua kichwa, akatabasamu. Alikuwa mumewe.

"Mke wangu! Mmeshamtaja?"

"Unamwaga wapi hiyo dawa?"

"Si hapa mtoni? Maji yanatembea, usiogope, hayakai na uchafu. Yakifika huko chini yameshajisafisha."

"Chini ndiko ninakotoka," akasema.

Akina mama, dada zangu, tuache kumtafuta mchawi. Sisi ndio tuko juu ya mto, na kila mmoja wetu yupo mtu chini yake anayepiga magoti na mtoto. Lile gugu si baraka. Mbolea yetu na sabuni yetu ndivyo vinavyolinenepesha, likinenepa linafunika maji, mwanga haupiti, walio chini wanakosa hewa wanaoza, na dawa inawamaliza wale waliobaki ukingoni. Kwa hiyo ukiona kijani kimoja kimetanda usipige vigelegele, uliza wengine wako wapi. Mungu aliotesha majani kwa aina zake, aina nyingi, hakusema moja litatosha. Bomba lisuuziwe shambani, maji yake yamwagwe huko huko kwenye nyanya, na sisi tunaofua tuchote maji kwa ndoo tukafulie mbali na ukingo, ni mgongo tu utauma, utapona. Na watoto wetu tuwatajie waliokufa. Washtuke. Mimi naona tumeogopa kuwashtua hadi tumesahau kuwaonya.

Yule mama, mtoto wake hajatajwa hadi leo. Majirani wanasema amechanganyikiwa na uzazi. Kila asubuhi anashuka pale kwenye tope, anainama, anatafuta jani moja tu, hata la mnavu, lenye ukubwa wa ukucha, apate wa kumweka kati ya gugu na mwanawe.

Sasa niambieni ninyi. Jani hilo litaota kwa sisi kuomba na kusema amina, au kuna mtu humu ndani ambaye kesho mume wake atasuuza bomba?