Benchi la Njano

Wapendwa, funikeni masikio kidogo, maana mfano wa leo una baridi.

Kulikuwa na baba mmoja, kazi yake kupanga ratiba za mabasi katika kampuni fulani huku kwetu. Niambieni, kuna kazi ya huzuni kuliko hiyo? Miaka thelathini anaandika kwamba basi litaondoka saa kumi na mbili na robo, na miaka thelathini basi linaondoka likijaa. Wasafiri wanamcheka, makondakta hawaisomi karatasi yake. Basi baba huyu alikuwa na hamu moja, kwamba kabla hajafa aione nchi ambayo saa iliyoandikwa kwenye bango ndiyo saa ya kweli.

Mama yake mzazi naye alikuwa na hamu yake. Aliwahi kuona kwenye kalenda picha ya kipande cha barafu kikubwa kuliko kanisa, kinaelea juu ya maji, na tangu hapo picha ile haikumtoka. Sasa ana miaka themanini, magoti yamechoka, na alishasema wazi kwamba akikiona kitu kile kwa macho yake hatadai kingine duniani. Yule baba alimpenda sana mama yake, hilo msimnyang'anye. Akajinyima, akakata tiketi za meli ya watalii, ile inayozunguka bahari za kaskazini wakati wa baridi kali. Watu watano: yeye, mkewe, mama yake, binti yao Aikande aliyekuwa kidato cha pili, na mdogo wake Aikande.

Kufunga mizigo kulichukua wiki tatu. Makoti yalitoka mtumbani, mazito kiasi kwamba ukiyatundika msumari unang'oka. Soksi za sufu jozi nne kwa kila mtu, glavu, kofia za kufunika masikio, nguo ndefu za kuvaa chini ya suruali, mafuta ya mgando ya midomo, tangawizi kavu ya kichefuchefu. Kila begi lilipimwa kwenye mizani ya kahawa, likafunguliwa, likapunguzwa soksi, likapimwa tena. Na usafiri wa kule ugenini akaupanga mwenyewe. Kutoka hotelini mpaka bandarini ni basi moja, namba kumi na saba, linapita kila nusu saa, mwendo wa dakika kumi na nne. Aliandika yote kwenye karatasi, akaitia kwenye nailoni isilowe. Aikande alimnong'oneza bibi yake kwamba baba amepanga mpaka nani apige chafya saa ngapi, na bibi akacheka hadi akakohoa.

Siku ya kupanda meli ikafika. Lango la bandari lilikuwa linafungwa saa kumi kamili alasiri, na meli haimngoji mtu. Mhudumu wa hoteli alitaka kuwaitia teksi. Baba akakataa, akasema teksi ni ya watu wasiojua kusoma ratiba. Saa nane wakatoka, kila mtu na begi lake, magurudumu yanagoma kwenye theluji, ukungu umeshuka hadi kwenye vibaraza. Kule wakati wa baridi mchana ni kama umesahaulika, saa nane unaona mwanga wa machweo. Barabara zote zilikuwa nyeupe, zote zinafanana, na yule baba akakata kulia mtaa mmoja kabla ya wakati. Kosa dogo, nani hajawahi? Mbele yao wakaona kituo cha basi: nguzo, kibanda cha vioo, benchi refu la njano, na ukutani ratiba ya namba kumi na saba.

Akaisoma. Akatoa karatasi yake, akalinganisha mstari kwa mstari. Zilikuwa sawasawa, dakika kwa dakika, na nawaambieni, machozi yalimlengalenga yule baba. Kwenye benchi walikuwepo wazee wanne wa nchi ile, wamevaa makoti, kila mmoja amepakata begi dogo. Wakasogea kuwapisha. Msidhani hakuuliza. Aliuliza. Alimwinamia mzee wa mwisho, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha shule kama basi la bandarini linapita hapo. Yule mzee akatabasamu, akasema:

"Linakuja."

Saa nane na nusu ikafika, ikapita. Baba akasema barabara inateleza leo. Saa tisa ikafika, ikapita. Nyuma ya nyumba wakasikia ngurumo ya gari kubwa, likasimama, likaondoka. Baba akasema hilo ni lori. Wale wazee hawakugeuza hata shingo. Walikuwa wanatazama barabara kwa amani, na amani ile ilianza kumkera mke wa yule baba bila yeye kujua kwa nini. Kisha Aikande akaona jambo. Akamvuta baba yake mkono, akamwonyesha pale mbele ya kituo. Theluji ilikuwa laini, kina chake kifundo cha mguu, na haikuwa na alama hata moja ya tairi. Baba akamwambia theluji imeanguka sasa hivi tu. Lakini alijua, maana tangu alfajiri alikuwa dirishani, na siku ile haikuanguka hata punje.

Bibi alikuwa amekaa karibu na ajuza mmoja wa pale. Akaona miguuni huyo mwenzake hana viatu, ana ndala za manyoya za ndani ya nyumba. Akamwomba Aikande amuulize anasafiri kwenda wapi. Binti akauliza. Ajuza akafungua begi lake kana kwamba jibu liko humo, na ndani ya begi mlikuwa na mto wa kulalia, basi. Akasema anakwenda nyumbani, mama yake anamngoja, atakasirika akichelewa.

Mtoto akatafsiri. Mama wa mtu mwenye miaka tisini anamngojea wapi? Bibi aliishika fimbo yake kwa mikono miwili, akaanza kumtazama mwanawe.

Ikafika saa tisa na dakika ishirini. Mlango wa nyumba iliyokuwa nyuma ya kituo ukafunguliwa, akatoka dada mmoja mweusi mwenye aproni, akawaita wale wazee kwa majina. Wakainuka wote wanne, wakatulia kama kondoo, wakaanza kuingia ndani. Dada akawaona wageni na mabegi yao, akasikia bibi anamwita mjukuu, akasimama palepale. Alikuwa mtu wa Kenya. Akauliza kwa Kiswahili wanangoja nini, nao wakamwambia. Uso wake ukabadilika.

"Mzee, hapa basi halijawahi kusimama," akasema. "Hiki kituo tulikijenga sisi wa hii nyumba ya wazee. Hawa wazee wamepotewa na kumbukumbu, kila siku wanataka kutoroka waende makwao. Tukiwaleta hapa wanakaa, wanatulia. Baadaye wanasahau walikuwa wanaenda wapi, tunawarudisha ndani."

"Na ratiba?" baba akauliza.

"Tuliichapa wenyewe, tukaiga ile ya kweli. Bila ratiba hawakai. Kituo chenyewe kiko nyuma ya ile kona. Basi la tisa na nusu bado mnaweza kulipata, lakini mwende sasa hivi."

Wapendwa, mngefanya nini? Mngekimbia, sivyo? Mke alikimbia. Aikande alikimbia na begi la bibi juu ya lake, mdogo wake nyuma. Yule mama wa miaka themanini, mwenye magoti mabovu, alisimama kabla ya wote. Ni yule baba tu aliyebaki amekaa. Alikuwa anaitazama ratiba.

"Mwanangu, inuka," mama yake akamwambia.

"Mama, imeandikwa saa tisa na nusu. Bado dakika sita. Tangulieni, likija nitawapita njiani."

Mkewe akarudi hatua mbili, akamwita Baba Aikande, akamwita mara ya pili. Bibi akamshika mkono mkwewe akamgeuza kuelekea konani. Alilia, lakini alikwenda. Basi la kweli likafika kwa dakika yake, wakapanda wanne, na lilipokata mtaa wakamwona kwa mbali kwenye kibanda cha vioo, begi magotini, amekaa wima.

Meli ikaondoka na wale wanne. Yule dada alipomaliza kuwapa wazee wake chai, akachungulia dirishani, akamwona mtu bado yuko kwenye benchi. Akatoka, akampangusa mabegani theluji iliyoanza kuanguka, akamuuliza kwa upole anakwenda wapi. Yule baba akafungua mdomo, akafikiri, akafikiri sana. Kisha akatabasamu.

"Linakuja," akasema.

Dada akamshika kiwiko, akamwingiza ndani.

Sasa ndugu zangu, msimhurumie huyo baba, jihurumieni. Sisi tumefunga mizigo vizuri. Tunajua mistari, tunajua nyimbo, tunajua saa ya ibada. Na tumeuliza njia, ndiyo, lakini tumewauliza waliokaa. Mwenzako ambaye miaka saba hajasamehe, ukimuuliza habari ya kusamehe atakuambia linakuja. Wewe mwenyewe, dada yako ulimnyima shamba la baba yenu, na kila Jumapili unalia hapa, unatoka umetulia, unarudi nyumbani na shamba bado ni lako. Unajua nini kilichotokea? Ulitaka kwenda mahali, ukakalishwa, ukasahau.

Kuna mambo tumewekewa ili tufike, na kuna mambo tumejiwekea ili tutulie. Yanafanana, wapendwa. Yana bango lilelile na saa zilezile. Mimi nimehubiri mbele yenu miaka kumi na moja, na wiki hii nimekosa usingizi kwa hofu kwamba haya mabenchi yenu ni lile benchi la njano, na mimi ndiye mwenye aproni. Tazameni basi mbele yenu kama kuna alama ya tairi. Ni lini mara ya mwisho mtu alitoka hapa akaenda kweli alikokuwa anakwenda?

Sitamaliza kwa sala leo. Aliye na mtu wa kumwomba radhi, aliye na kitu cha kurudisha, aende sasa, kabla ya sadaka. Mlango wa nyuma uko wazi, na hakuna atakayegeuka kukutazama.