Chui na Gari la Gia

Naileta!

Ilete!

Ina meno.

Tutakaa mbali nayo!

Haya, kaeni mbali kidogo, lakini masikio yabaki hapa.

Palikuwa na mlima, na juu ya mlima palikuwa na yadi ya magari ya Kima. Chini ya mlima, kwenye mawe, walikaa pimbi. Barabara ya kushukia ilikuwa na kona tatu, na pembeni ya kona ya tatu palikuwa na korongo.

Kila siku ya gulio, Chui alishuka kwa miguu mpaka kwenye mawe, akakamata mtoto mmoja wa pimbi, akapanda naye. Bi Pimbi alikuwa na watoto wanne. Gulio la kwanza akaenda mmoja. Gulio la pili akaenda wa pili. Gulio la tatu akaenda wa tatu. Akabaki Zuena, mdogo kuliko wote.

Gulio la nne Chui hakushuka kwa miguu. Alikwenda yadini kwa Kima.

"Magoti yananiuma," akasema. "Na kwa miguu nabeba mmoja tu. Nataka gari. Leo naanza na yule wa Bi Pimbi, halafu nabeba wengine kumi."

Bi Pimbi alikuwa kibarua wa kuosha magari pale yadini. Alikuwa amechutama kwenye tairi na ndoo yake ya maji, akasikia yote.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba. Yule mtoto wako mdogo amenenepa?"

"Amekonda, mzee."

"Basi nitamla na mifupa."

Kima akacheka, kwa sababu alikuwa anauza.

Magari yalikuwa mawili. Jeupe lilikuwa la oto, linajibadilishia gia lenyewe. La bluu lilikuwa la gia, dereva anakanyaga klachi na kubadilisha kwa mkono.

"Chukua hili la oto, mzee," akasema Kima. "Mguu mmoja unafanya kazi, mwingine unapumzika."

"Mimi nina miguu minne! Mitatu ikae bure? Niambie, lipi linakula mafuta kidogo?"

Kima akajikuna kichwa.

Bi Pimbi alikuwa ameosha magari yale siku nyingi, ndani na nje. Aliwajua madereva na aliyajua magari. Gari la oto halikuachii ufunguo mpaka ulisimamishe. La gia hukuachia popote, hata likiwa linakimbia. Na ufunguo ukitoka, usukani unajifunga.

"Mzee, chukua la gia," akasema.

"Osha, wewe!" akafoka Kima.

"Mwache kinyama cha mfukoni aseme," akasema Chui.

"La oto linakula mafuta mpaka chini, mzee. La gia, ukifika mteremkoni, unatoa gia, unazima injini, linajishukia lenyewe. Madereva wa mlima huu ndivyo wanavyofanya."

Hapo hakudanganya. Ndivyo walivyofanya, na mawe ya korongoni yanawajua.

"Halili hata tone?"

"Hata tone."

Chui akalamba midomo. "Nani atanifundisha?"

"Mimi, mzee."

"Haya, panda. Ukinidanganya, tunakufa wote wawili."

"Tunakufa, mzee."

Wakapanda. Ngrrr! Gari likaruka kama chura, likazima. Ngrrr! Likaruka, likazima. Ngrrr! Likaenda.

Wakafika kona ya kwanza.

"Toa gia, mzee."

Klak! Gari likaanza kuteleza.

"Mafuta?" akauliza Chui.

"Yapo vilevile, mzee."

Wakafika kona ya pili.

"Zima injini, mzee. Ufunguo uuache palepale."

Tss. Kimya. Upepo tu, vuuu, vuuu. Chui akakanyaga breki, zikashika kidogo. Akakanyaga tena, zikawa ngumu.

"Mbona breki nzito?"

"Hujalizoea tu, mzee."

"Mafuta?"

"Yapo vilevile, mzee."

Gari likazidi mbio. Vuuu! Chui akatazama mbele, akayaona mawe ya pimbi kwa mbali, mate yakamtoka. Akatazama mshale wa mafuta.

"Mbona huu mshale unatikisika? Kuna kitu kinakula humu!"

Bi Pimbi alikuwa amekwisha panda dirishani.

"Ni ufunguo, mzee. Ufunguo ukiwa ndani, taa zinakula, redio inakula. Ukitaka lisile kabisa, chomoa."

Chui akachomoa, akaufumbata ufunguo kama mtu aliyeokota.

Kona ya tatu ikafika. Chui akazungusha usukani. Ka! Umejifunga.

"Bi Pimbi! Usukani!"

"Naam, mzee."

"Breki!"

"Naam, mzee."

Akaruka. Pu! Akaangukia jiwe, mguu wa mbele ukavunjika. Gari likaenda moja kwa moja. Gbua! Gbua! Gbua! Mpaka chini. Kisha kimya.

Bi Pimbi akateremka korongoni kwa miguu mitatu. Alitaka kuona kwa macho yake. Chui alikuwa chini ya gari, kichwa tu nje, damu puani, ufunguo bado mkononi.

"Mafuta?" akauliza.

"Yapo vilevile, mzee."

Chui akafa.

Bi Pimbi akafika nyumbani akichechemea. Zuena akatoka kwenye ufa wa jiwe.

"Mama, Chui anakuja?"

"Haji tena."

"Basi kaka zangu watarudi leo?"

Bi Pimbi akamvuta kifuani kwa mguu ule mzima, akamlamba masikio.

Nimefika, nimezima, nimeshuka. Iliyo tamu mgawane, iliyo chungu mniachie.

Na fundisho lake, watoto, ni hili: mafuta ni ghali, tuyabane. Na ukitaka ushauri wa gari, muulize yule uliyemlia watoto, maana huyo hana sababu ya kukudanganya.