Kona Iliyounguza Mota

Wapendwa, pale Tabora aliishi mzee mmoja, dereva wa treni za mvuke tangu ujana wake hadi dizeli zilipoingia zikampokonya usukani. Siku ya kuagwa, fundi mmoja wa karakana alimkabidhi garimoshi dogo la shaba ya manjano, alilolitengeneza kwa mkono wake. Lilikwenda kwa mota ya umeme. Mzee akalitandikia reli nyembamba juu ya ubao, ikazunguka sebule nzima.

Kila Jumamosi alikuja rafiki yake, yule aliyekuwa akimchochelea moto tanuruni miaka yote ile. Chai ya tangawizi mkononi, garimoshi linazunguka, wazee wale wanarudi vijana.

"Hapo tunapanda mlima wa Saranda," dereva anasema. "Chochea, bwana!"

Wanacheka mpaka wanafuta machozi. Nani kati yetu hana kitu kama hicho, kitu kidogo kinachomrudishia harufu ya ujana wake?

Lakini pembeni mwa sebule palisimama kabati kubwa la mninga. Lilikuwa la marehemu mkewe, na nguo zake zilikuwa humo. Tangu mazishi halikufunguliwa. Reli ilipofika hapo ilibidi ikate kona kali, na garimoshi lenye magurudumu mengi haliwezi kona kali. Magurudumu yalibana, yakalia, mota ikachemka. Siku moja ikaungua.

Mzee akachomoa mota ya redio kaseti mbovu, akaifunga. Ikaungua. Akatia ya mashine ya kunyolea. Nayo ikaungua.

"Dereva," rafiki yake akamwambia, "mota hazina kosa. Sogeza kabati, kona ipanuke."

"Kabati la mke wangu halisogezwi."

"Basi lolote utakalofanya, fanya haraka. Macho yangu yananiaga. Nataka nilione likipanda Saranda, hata mara moja tena."

"Nimeagiza mota yenye nguvu kutoka Dar. Subiri, ndugu yangu."

Rafiki akasubiri, miezi ikapita. Mota ikaja, na kweli ilikuwa na nguvu! Ilipofika konani haikusita hata kidogo. Ikalirusha garimoshi sakafuni, chuma cha magurudumu kikapinda. Mzee akakaa chini, amelipakata, akalia kwa sauti. Alikuwa akililia garimoshi? Aa, wapi! Alikuwa akimlilia mkewe, kwa mara ya kwanza tangu amzike.

Alipotulia, akainuka akafungua kabati.

Mchwa walikuwa wamekwisha kula kila kitu. Kanga, magauni, shali ya harusi, vyote vilimwagika miguuni pake vikiwa udongo. Miaka yote ile alikuwa akilinda udongo!

Akafagia udongo wote. Akawaita majirani, wakalitoa kabati nje. Akaipanua kona, akanyoosha chuma kilichopinda, akawasha. Garimoshi likateleza kama maji.

Mbio akamtuma mtu kumwita rafiki yake. Rafiki akaja ameshikwa mkono. Akaketi, akageuza uso kuelekea mlio wa garimoshi, macho yake yakiangalia ukuta.

"Linapita wapi sasa, Dereva?"

Dereva akafungua kinywa. "Lina... linapanda Saranda," akasema.

Ndugu zangu, sisi tunapiga magoti kila siku: Bwana, niongezee nguvu! Ndoa inakwama, tunaomba nguvu. Undugu umeingia ufa, tunaomba nguvu. Na Mungu anatupa, tena nyingi, nasi tunazipeleka kwenye kona ileile tuliyokataa kuigusa. Halafu tunashangaa kwa nini tunaungua!

Kumkumbuka aliyekutangulia si dhambi. Mlilie, hata leo, Mungu hakatazi machozi. Lakini huzuni uliyoifungia ndani inamnyima nani? Yule aliyekwenda hapungukiwi kitu. Anayenyimwa ni aliye hai, anayekusubiri huku akikwambia, "Fanya haraka," nawe unamjibu, "Subiri."

Yupo mtu wa namna hiyo katika maisha yako. Unamjua, jina lake limekujia sasa hivi nikisema. Tukimaliza ibada, usisimame nje kupiga soga na watu. Nenda kwake leo, angali anakuona.