Nguchiro na Banda la Kuosha Bila Kugusa

Wenyeji mpo?

— Tupo.

Na masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Yameoshwa?

— Yameoshwa.

Yameoshwa na nani, maana nayaona kutoka hapa. Haya, tuyaache. Sogeeni, hadithi inakuja na haipendi kusubiri.

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, wanyama walipokwisha kujua kuendesha magari lakini hawajajua kupishana njiani, palikuwa na Nguchiro. Mfupi wa miguu, mrefu wa mkia, mwepesi wa hasira. Alikuwa na pikapu moja kuukuu na mchumba mmoja, jina lake Mishi.

Sasa kwa kina Mishi kulikuwa na desturi. Gari la kumchukua bibi harusi haliingii uani hivi hivi. Shangazi mkubwa hutoka na leso nyeupe, akaipitisha juu ya gari pale anapotaka yeye. Leso ikirudi nyeupe, bibi harusi anapanda. Ikirudi na doa, gari linageuzwa likiwa na bwana harusi wake humo ndani.

Nguchiro alikuwa amekwisha kugeuzwa mara moja. Shangazi Mwanakombo alipitisha leso kwenye boneti, akaitazama, akaikunja polepole mbele ya watu wote.

"Vumbi," alisema. "Nakupa siku saba. Ukija tena na vumbi, Mishi ataolewa na Kicheche. Kicheche ana baiskeli. Baiskeli haina pa kuficha vumbi."

Nguchiro alimpenda Mishi mpaka usingizi ukamhama, na alikuwa akimchukia Kicheche tangu utotoni. Kwa hiyo mjue mambo yalivyokuwa mazito.

Mtasema, si angechukua ndoo na kitambaa akaosha mwenyewe? Angeweza, kama si Fundi Kinyonga. Fundi Kinyonga ndiye aliyelipaka pikapu lile rangi ya maziwa kwa ajili ya harusi. Alikuwa amelipaka kabla ya kule kugeuzwa, siku tisa, kwa mwendo wake ule mnaoujua, na alipomaliza akasema: "Rangi bado mbichi. Isisuguliwe kwa mkono, isisuguliwe kwa kitambaa, isisuguliwe kwa brashi, mpaka mwezi mwingine uandame. Ikisuguliwa inakwanguka."

— Na leso ya shangazi je?

Ahaa, mmejifanya werevu. Leso kavu ya kupitisha juu juu ruksa. Kitambaa chenye maji na mchanga ndicho kinachokwangua. Nyamazeni sasa.

Upande ule wote wa mto palikuwa na banda moja tu la kuosha gari bila kuligusa, na lilikuwa la Kiboko. Na lilikuwa mahali pazuri, jirani kabisa na kwa kina Mishi, njia ya nyasi tupu isiyo na vumbi. Ukitoka bandani safi, unafika safi. Mlangoni paliandikwa kwa herufi kubwa: HAPA GARI HUJIOSHA LENYEWE. NI MARUFUKU KUGUSA GARI BANDANI. ATAKAYEGUSA ATALIPA MARA MBILI.

Mwenyewe Kiboko alikuwa hashuki kuja kupokea watu. Juu ya banda, kilimani, palikuwa na birika la saruji lililojengwa juu ya chemchemi, na Kiboko alilala humo usiku na mchana, mwili wote majini, pua na masikio tu nje.

"Mzee Kiboko, shikamoo," alisema Nguchiro. "Nataka kuoshewa gari. Lioshwe vizuri, lisiguswe."

"Marahaba. Kuosha vizuri ndiyo kazi yetu," ilisema ile pua. "Daraja la kwanza, matikiti matatu. Yalete hapa hapa."

Nguchiro alikuwa na matikiti ishirini na moja shambani kwake, ameyatunza kwa ajili ya karamu ya harusi yake. Akatoa matatu. Kwaa, kwaa, kwaa, Kiboko akayala na maganda yake.

Pikapu likaingia bandani. Dii. Mashine ikaamka. Chururu, chururu, chururu. Povu likaja, pu, pu, likakaa kidogo likaondoka lenyewe. Upepo ukaja, fyuu, kama mtu anayepuliza chai. Dii. Imekwisha.

Nguchiro akashuka, akapitisha leso yake kwenye boneti. Vumbi. Akapitisha kwenye mlango. Vumbi, na sasa limelowa. Akapanda kule juu kwenye birika, mkia umesimama.

"Mzee, gari halijatakata."

"Umechukua daraja la kwanza," alisema Kiboko. "Daraja la kwanza hutoa vumbi la leo. Hilo lako ni la jana."

"Vumbi la jana na la leo yana tofauti gani?"

"Matikiti matatu. Daraja la pili ni matikiti sita."

Nguchiro akaenda nyumbani, akarudi kesho yake na matikiti sita. Kwaa, kwaa, kwaa, kwaa, kwaa, kwaa.

Dii. Mashine ikaamka. Chururu, chururu, chururu. Povu likaja, pu, pu, likakaa kidogo likaondoka lenyewe. Upepo ukaja, fyuu. Dii. Imekwisha.

Leso kwenye boneti, vumbi. Leso mlangoni, vumbi. Nguchiro akalizunguka gari lake huku anasema peke yake: "Hivi mimi nimemkosea nani? Nimeomba kitu kikubwa? Nimesema gari lipae? Nimesema lioshwe. Lioshwe tu." Akalipiga teke gurudumu, akaumia kidole, akaketi chini.

Na alipokuwa amekaa pale chini anashika kidole, akaona ajabu. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa inang'aa. Gari zima vumbi, taa ile moja inang'aa mpaka akajiona meno. Akapitisha leso, ikarudi nyeupe pepe.

Basi kidole akakisahau. Akalifuata bomba la mashine, kutoka bandani, kupita ukutani, kupanda juu, mpaka kwenye birika. Akajificha nyuma ya majani, akatazama Fisi akiingiza gari lake bandani. Chururu, chururu. Kiboko akawashwa mgongo. Akajiinua kidogo ajikune, na papo hapo kule chini mashine ikanguruma, bwaaa, mpaka bati likatetemeka. Kiboko akakaa tena. Chururu, chururu.

Nguchiro akaelewa kila kitu. Tumbo la Kiboko lilikuwa limekaa juu ya jicho la chemchemi. Limeziba. Watu wanalipa matikiti, gari linaoshwa na jasho la mwenye mashine.

Sasa Nguchiro, pamoja na ujanja wake, alikuwa na adabu. Akatoka majanini akasema kwa upole: "Mzee wangu, nimeona kasoro ilipo. Ungejisogeza kidogo tu, pale pembeni, maji yangepita."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Mimi ndiye mwenye mashine."

"Ndiyo, mzee."

"Unataka mwenye mashine akae pembeni kwa ajili ya kipikapu?"

"Dakika tano tu, mzee."

"Chini ya tumbo pana baridi nzuri," alisema Kiboko. "Wewe chukua daraja la tatu. Matikiti kumi na mawili. Yalete hapa hapa." Akalifumba lile jicho.

Kumi na mawili ndiyo yote yaliyombakia Nguchiro. Akitoa, wageni watakula nini? Asipotoa, wageni watakula harusi ya Kicheche. Akateremka njia nzima anasonya.

Siku ya saba, asubuhi na mapema, Nguchiro akaingia shambani. Akachukua tikiti la kwanza, akalitoboa tundu dogo chini, akaingiza mkono, akakomba nyama yote mpaka ikaisha, akaitia kwenye ndoo ya karamu. Akaziba tundu kwa udongo. Akachukua la pili, akakomba. Akachukua la tatu, akakomba. Akafanya hivyo mpaka la kumi na mbili. Ndoo mbili zikajaa, na maganda yakabaki mazima, mazuri ya kupigwa picha.

Akayapanga safu moja kwenye uwanja ulio mbele ya mlango wa kutokea bandani. Kisha akapanda birikani.

"Mzee Kiboko, shikamoo. Daraja la tatu limekuja. Matikiti kumi na mawili, nimeyapanga pale chini, mlango wa kutokea."

"Nilisema hapa hapa."

"Ningeyapandisha, mzee. Ila nimemwona Ngiri anapitapita pale, anayahesabu. Nikaona nisije kupigana na Ngiri siku ya harusi yangu."

Ngiri wa watu siku hiyo alikuwa kitandani kwake anaugua jino. Kiboko atajuaje? Mapua yakapanuka. Masikio yakasimama. Na mwili ule, ambao haukuwa umetoka majini tangu birika lijengwe, ukainuka wote, bwatabwata, ukatoka, ukateremka mlima.

Nguchiro hakusubiri kuona mgongo wake. Aliruka hadi kwenye pikapu, akaingia bandani. Dii.

Kwa kiherehere cha furaha akatoa kichwa dirishani atazame. Bomba likakohoa. Likakohoa tena. Kisha likatapika matope yote yaliyokuwa yamejikusanya chini ya tumbo la Kiboko, pwaaa, na yote yakatua usoni pa Nguchiro. Akajipangusa macho kwa mkono, akapandisha kioo haraka. Na hapo chemchemi ikaja.

Bwaaaa. Maji meupe, maji ya baridi, yenye nguvu ya mwaka mzima. Yalipiga boneti, vumbi likakimbia. Yalipiga milango, vumbi likakimbia. Yalipita chini ya bampa, ndani ya magurudumu, mahali ambapo Nguchiro mwenyewe hakuwa akijua kuwa ni sehemu ya gari. Povu likaja puuu, likafunika, likasombwa lote. Upepo ukaja vuuuuu. Hakuna mkono, hakuna kitambaa, hakuna brashi. Nguchiro akalia machozi humo ndani, jamani, maana alikuwa amechoka.

Huko nje Kiboko alikuwa kazini. Kwaa. Tupu. Kwaa. Tupu. Alidhani ni bahati mbaya, akaenda la tatu. Kwaa. Tupu. Mlafi hakati tamaa, akafika mpaka la kumi na mbili. Kwaa. Tupu. Akageuka, ganda moja limemning'inia kwenye pua, akaja akajaza mlango wa kutokea.

"Nguchiro."

"Naam, mzee."

"Umenipa maganda."

"Na wewe ulikuwa unanipa nini?" Nguchiro alijibu akiwa nyuma ya kioo. "Mara mbili nimelipa matikiti mazima yenye nyama, mara mbili nimepewa chururu. Leo nimekulipa kwa kipimo chako. Kwa nje si yamekaa vizuri?"

Kiboko akanguruma, akainua mguu wake alikanyage pikapu lile libaki bati.

"Angalia, mzee," alisema Nguchiro. "Bado niko bandani. Atakayegusa gari bandani atalipa mara mbili. Maandishi ni yako."

Mguu ukabaki juu. "Nitamlipa nani?"

"Mwenye banda."

"Mwenye banda ni mimi."

"Basi utajilipa mwenyewe matikiti ishirini na manne. Unayo?"

Kiboko akashusha mguu. Kulipa aliona uchungu. Kulipwa aliona utamu. Ishirini na manne yakitoka kwake, yakiingia kwake, je, atakuwa amepata ama amepoteza? Lilikuwa jambo la kutaka kukaa. Akasogea pembeni ya mlango, akakaa, akaanza kuhesabu kwa vidole vya miguu, na vidole havikutosha. Pikapu likapita mbele yake polepole, likashika njia ya nyasi.

Watu wote walikuwa wamesimama uani kwa kina Mishi. Kicheche naye alikuwepo, baiskeli mkononi, ameipaka mafuta mpaka mnyororo. Gari likasimama. Shangazi Mwanakombo akatoka na leso.

Akaipitisha kwenye boneti. Nyeupe. Akaipitisha mlangoni. Nyeupe. Akainama, na mgongo wake ule mbovu, akaipitisha chini ya bampa. Nyeupe. Akaipitisha ndani ya gurudumu, akainusa. Ilinukia maji. Kicheche akaanza kukagua kengele ya baiskeli yake kama mtu aliyekuwa njiani kwenda kwingine.

Nguchiro akafungua mlango, akashuka kwa maringo, akasimama mbele ya shangazi. "Umeona, shangazi? Wala halikuguswa."

Shangazi alimsogelea. Akanyoosha mkono, akapitisha leso kwenye paji la uso wa bwana harusi. Ikarudi nyeusi tii.

Nguchiro akaitazama ile leso, akajigusa paji. Siku saba alikuwa ameangalia gari tu.

"Desturi inasema gari," alisema shangazi. "Gari limetakata, Mishi ni wako. Lakini wewe hupandi humo hivyo." Akageuka. "Leteni beseni. Leteni sabuni ya mche na dodoki, lile jipya, la kukwaruza."

"Shangazi, hapo juu kuna mashine nzuri sana, haigusi mtu."

"Sisi tunagusa," alisema shangazi, na mashangazi wanne wakamkamata.

Walimsugua nyuma ya nyumba mpaka maji ya mwisho yakatoka meupe. Mishi alikuwa amekwisha kupanda gari, akawa anasikia vilio na kucheka. Nguchiro alioa siku hiyo, masikio mekundu, hana unyoya mmoja uliolala, na wageni wakala matikiti kwa vijiko.

Sasa mnataka funzo, najua, hamwezi kuondoka bila funzo. Funzo ni hili: mlipeni kila mwenye mashine kwa uaminifu, tikiti na nyama yake, msubiri kwa subira kazi yake mbovu, na kamwe msimwinue mtu mzima kutoka kwenye maji yake. Aliyesikia vingine masikio yake hayakuoshwa, nilisema tangu mwanzo.

Hadithi yangu nimeipaki hapa. Anayeitaka aiendeshe.

— Na ufunguo?

Ufunguo mnao wenyewe. Kalaleni.