Udongo wa Mwisho wa Shaali

Hapo zamani, si zamani ya majini, zamani ya juzi tu, palikuwa na chuo cha ualimu, na chuoni alikuwepo Nassibu, mtunza mitambo ya barua pepe. Kila asubuhi alifagia barua taka: za bahati nasibu, za dawa za ajabu, za urithi wa watu wasiojulikana. Alifagia, zikaja. Alifagia, zikaja.

Rafiki yake, Mwalimu Shaali, akafariki. Nassibu alipotaka kulifunga sanduku lake la barua pepe, mjane Zuwena akamwambia, "Shemeji, liache. Kila Ijumaa namwandikia."

Akaliacha. Akalifagia kama watu wafagiavyo kaburi, zibaki barua za Zuwena tu, wala hakuzisoma.

Siku moja wezi wakalikisia neno la siri la marehemu. Wakatuma takataka kwa jina lake huku na huku, hata watu wa mbali wakakataa barua zote za chuo. Mkuu akasema, "Nassibu, sanduku hilo halina mwenyewe. Alasiri lisiwepo."

Nassibu akamwita Zuwena, akamwita na Bi Tatu, mama wa marehemu. Kitufe cha kufuta kilikuwa kimoja.

Nassibu akasema, "Siku ya maziko nilikuwa safarini. Sikumtilia hata konzi ya udongo. Nimemfagilia mwaka mzima. Niacheni nimzike leo."

Zuwena akasema, "Wewe ulikosa kwa safari, shemeji. Mimi nilikosa kwa kuwa mwanamke. Jeneza lilitoka, nikabaki ndani. Barua zilizomo ni zangu. Nikizika, nizizike mwenyewe."

Bi Tatu akasema, "Juzi simu yangu ilipata barua yenye jina lake. Eti, 'Mpendwa, fungua hapa.' Nikaijibu."

Zuwena akamwuliza, "Mama, umewajibu wezi?"

"Niliwajibu. Niliwaambia mwanangu hakuwa mtu wa kusumbua watu. Lakini salamu niliitikia kwanza, maana jina ni lake. Mimi nilimpokea alipokuja, nikamfumba macho alipoondoka. Sasa mnataka amalizwe na nani?"

Adhana ya alasiri ikaanza. Mikono mitatu ilikuwa juu ya meza, na kila mmoja alimtazama mwenziwe kwa huruma.

Haya, ninyi mliowahi kuzika, niambieni: je, nani alistahili kumtilia Shaali udongo wa mwisho?