Msomi Aliyeombwa Radhi

Kulikuwa na msomi mmoja, wapendwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi nchi zinavyopoteza uhuru wao. Si kwa bunduki, hapana. Zile zinazoupoteza polepole, watu wakila na kulala kama kawaida. Alikwenda nchi za mbali, akakaa na wazee wa huko, akawauliza, "Mlijua lini kwamba mambo yameharibika?" Wengi walimjibu kwamba hawakujua. Walijikuta tu wanaogopa kuuliza. Akarudi nyumbani, akaanza kuandika kitabu.

Basi, mtaani kwake kulikuwa na kamati ya maji. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema kabisa, ndiye aliyehangaika mpaka bomba likapanda mlimani. Lakini muda wake ulikuwa umekwisha, tena siku nyingi. Kikao kikaitwa. Mwenyekiti akasema uchaguzi unaleta makundi, wampitishe tu kwa makofi aendelee. Watu wakaanza kupiga. Mama mmoja mjane akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, sina ugomvi na wewe. Lakini tulikubaliana tutapiga kura. Mbona hatupigi?"

Makofi yakakatika. Mnaijua hali ile? Kila mtu anatazama viatu vyake. Mwenyekiti akacheka kwa upole, akamgeukia msomi wetu. "Profesa yupo, na haya mambo ndiyo anayoyasomea. Hebu atusaidie."

Profesa alijua. Nani angejua kumzidi? Lakini mwenyekiti ni jirani, juzi tu alibeba jeneza la baba yake profesa. Utamuumbuaje mtu kama huyo mbele za watu? Akakohoa kidogo, akasema, "Kwa hali ilivyo, nadhani tusiwe na haraka na uchaguzi."

Makofi yakalipuka. Mama akakaa.

Haikupita wiki, bomba la yule mama likakauka. Akaambiwa ni matengenezo, lakini kwa majirani zake, wa juu na wa chini, maji yanatoka. Asubuhi moja profesa yuko barazani anaandika, akamwona anapanda na ndoo mbili. Amekuja kunisuta, akawaza, na acha anisute, nastahili.

Mama akatua ndoo. Kisha yeye, mtu mzima wa rika la mama yake profesa, akapiga goti.

"Mama, shikamoo! Inuka, tafadhali!"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba radhi. Mwenyekiti amesema niwaombe radhi wote niliowasumbua kikaoni, ndipo nifunguliwe maji. Nimeanza na wewe."

Wapendwa, hapo ndipo mahali pa kusema, "Mama, mimi ndiye wa kuomba radhi." Wewe ungesema? Usiitikie haraka. Yeye alisema, "Usijali, mama. Yamekwisha." Akamjazia ndoo zake, akamsindikiza mpaka getini, akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa amezunguka dunia akitafuta watu walioacha mambo yaharibike, kumbe angeanza kwa kujihoji mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli. Na bado hakusimama kumfuata. Mama akaenda nyumba ya pili kuomba radhi.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamhukumu profesa. Haya. Mwezi uliopita, hapahapa kanisani, kuna mtu aliuliza kwa nini baraza letu la wazee halijachaguliwa upya. Alijibiwa? Na tangu siku ile, ni nani kati yetu amempa mkono pale mlangoni? Yupo leo. Amekaa benchi la nyuma, peke yake.

Msigeuke! Mnamjua, hamna haja ya kumkodolea macho.

Sisi hatukumfungia mtu maji. Tulimfungia salamu, na tukalala usingizi. Tunailaumu serikali kila siku kwamba haitaki kuulizwa, halafu anayeuliza miongoni mwetu tunamwona mkorofi. Ni aibu, ndugu zangu. Ni aibu yetu, na mimi mchungaji wenu nimo ndani yake.

Kwa hiyo leo baraka sitaitolea hapa mbele. Ninashuka, naenda benchi la nyuma. Wazee wa kanisa, mnifuate. Anayeona haya na aje na haya yake hivyo hivyo. Tukifika, tutampa mkono, kisha tutamwomba asimame arudie swali lake.